Mawe ya Orlane

Nella alijifunza kupiga mbizi kwa kuiba. Yeye na dada yake Orlane walimuaga mama yao, Caritas, kwamba wanakwenda mazoezi ya kwaya, wakatoka mtaani kwao Kinama na kukata njia kwenye maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, hadi ziwani. Kwaya yenyewe haikuwahi kuwaona.

Ziwani kuna viboko, na kiboko hana utani. Basi mmoja alipopiga mbizi, mwingine alibaki kwenye maji ya magotini akiangaza macho, huku akigonganisha mawe mawili chini ya maji. Mlio huo husafiri mbali majini. Maadamu mawe yanalia, kaa huko chini ustarehe. Yakinyamaza, panda haraka. Orlane ndiye aliyekuwa hodari wa kugonga, hakuchoka wala hakusahau.

Orlane sasa yuko Omani, alikokwenda kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Tangu Pasaka hapatikani, na Nella ana hamu kubwa ya kumwona dada yake.

Nella naye alitaka kazi ya uokoaji kwenye bwawa la hoteli moja, pisini kama wanavyosema mjini Buja. Mtihani ni kuogelea chini ya maji urefu wote wa pisini, bila kupumua. Pumzi anayo. Lakini mara mbili alifika katikati tu akaibuka, macho yamemtoka pima, akitazama huku na huku kana kwamba kuna mnyama kwenye maji yale ya dawa. Wenzake walikufa kwa kicheko. Mwalimu, Népomuscène, alimwambia amebakiwa na nafasi moja.

Ndipo akamweleza mama yake yote, pamoja na uongo wa kwaya: kule chini pisini hakuna mlio, na mwili wake unajua maana ya kimya. Alijiandaa kugombezwa. Caritas aliinuka tu, akafungua sanduku la nguo za Orlane na kutoa mawe mawili meusi.

"Nilikuwa nayakuta mu mufuko ya robe yake kila nikifua," alisema. "Mulizani mi sijui?"

Siku ya mtihani Caritas, ambaye maji anayaogopa kama moto, alipiga magoti ukingoni na kitenge chake cha kanisani, akatumbukiza mikono na mawe yake hadi viwiko. Népomuscène aliuliza hayo nini. Akajibiwa ni mambo ya familia, naye hakuwa na kanuni ya kuyakataza.

Nella alizama. Kimya kilimkaba, kisha akasikia: ko, ko, ko. Mgongaji hakuwa na mazoea, lakini mlio ulikuwa ni ule ule. Alipita katikati bila kugeuza kichwa, akagusa ukuta wa mwisho. Alikuwa amefaulu.

Hakupanda. Alishika ukuta akabaki chini akisikiliza, kwa sababu akiwa huku chini aliweza kuamini kwamba anayegonga ni Orlane, na akitoa kichwa tu atakuwa mama. Juu, Népomuscène alianza kuvua viatu. Caritas alimwona, akaacha kugonga.

Nella akaibuka, analia na kuhema. Alipofuta uso aliona mama yake amerudisha mikono majini na anagonga tena, na pisini haina mtu. Akamuuliza anamgongea nani.

"Dada yako yeye hajapanda bado," alisema Caritas.