Mama Asiyeshuka Mtumbwini

Jumapili nilikwenda Mumias kuvuka mto Nzoia kwa mtumbwi, ingawa daraja lipo na malori ya miwa yanalipita kutwa. Tulipofika ng'ambo abiria walianza kushuka, lakini mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa hakuinuka.

"Mama, tumefika," mpiga kasia akamwambia.

"Siendi mahali, baba. Nirudishe tu pole pole." Akatia vidole majini. "Mzee wangu alikuwanga anavusha watu hapa. Tulijuana kwa mtumbwi kama huu. Saa hii anafanya kwa kiwanda cha sukari, akirudi ni kulala tu."

Sukari imetupa mabati na baiskeli, hilo silipingi. Ila imewachukua waume waliokuwa na wakati wa kuzungumza.

Mpiga kasia akageuza mtumbwi. Nilikuwa nimesimama nishuke, nikaketi tena.