Nyumba Isiyoingia Ngano

"Mama Tumaini, kwa nini Tumaini hali maandazi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, yeye akipepeta mchele uani kwake, hapa Ngana. Hakuinua macho. "Nenda kacheze," alisema. Nikaenda, na jibu nikajitungia mwenyewe: huyu mama ni mchoyo.

Jina lake ni Catheline. Analima mpunga, ana miti michache ya kokoa nyuma ya nyumba, na akicheka anasikika hadi kwetu. Mwaka ule hakucheka. Tumaini, mwanawe wa pekee na rafiki yangu, alikuwa ametoka kulazwa Mbeya mara ya pili, miguu myembamba, tumbo limevimba, kuhara kusikokoma. Wengine walisema ni minyoo, wengine walisema mambo mengine kwa kushusha sauti. Waliokuja kutoa pole walileta mkate wa dukani na soda, kama kawaida ya kumtazama mgonjwa. Mama Tumaini alipokea kwa mikono miwili, "ndaga fijo, asanteni sana", na wageni wakishaondoka mkate ulikwenda kwa kuku. Jirani mmoja aliona. Kufikia jioni dukani hakukuwa na habari nyingine: mtoto anakufa njaa, mama analisha kuku mkate!

Basi mimi nikaamua kusaidia. Kila mapumziko shuleni nilimmegea Tumaini nusu ya andazi langu. Alijua amekatazwa. Alikula haraka haraka, amegeukia ukuta.

Jumamosi moja, nikiwa kwao nikicheza na Tumaini, Bibi Marta, mama mkwe wa Mama Tumaini, alifika kwa bodaboda kutoka Katumba Songwe akiwa na begi tupu.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Tumaini.

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Umemfanya kijiti!"

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari gani anamkataza mtoto kula? Kwangu kuna uji wa lishe, nimesagisha mwenyewe. Mahindi, soya, karanga, ngano. Mwezi mmoja tu, utanitafuta kunishukuru."

Aliposikia ngano, Mama Tumaini akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

Baba yake Tumaini, Gwamaka, alikuwa anatazama chini. "Catheline, labda akakae kwa mama kidogo," alisema. "Ulipoondoa ngano humu ndani alianza kunenepa, kweli. Sasa mbona anaisha tena?"

"Sijui," alijibu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisema sijui kwa uso ule.

Bibi alimsukuma, akapita, akaanza kukunja magauni ya Tumaini. Nikawafuata ndani.

"Ni mimi," nilisema. "Nampa andazi. Shuleni. Kila siku."

Wote waligeuka. Mama Tumaini alinijia, nikafumba macho kusubiri kofi. Akanishika mabega.

"Tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe."

Akaketi chini palepale, kama mtu aliyetua mzigo, na kwa mara ya kwanza akasema yote. Ugonjwa unaitwa siliaki. Ngano ikiingia tumboni, mwili wa Tumaini huipiga vita, na anayejeruhiwa ni utumbo wenyewe. Kipande kidogo tu kinatosha. Hauambukizi, hauna kidonge. Dawa ni kuacha ngano na shayiri maisha yote. Wali, ndizi, ugali, samaki, ale ashibe.

"Hata ya kwenye uji?" aliuliza Bibi.

"Hata ya kwenye uji, mama."

Bibi Marta aliliweka chini gauni alilokuwa akilikunja. "Desemba alipokuja kwangu nilimnywesha wiki nzima. Akahara, nikasema ni maji ya kwenu." Kisha akakaza sauti: "Nakupa mwezi. Akiendelea kuisha, namchukua, na hutanizuia."

Ule mwezi sikuthubutu hata kumpita Tumaini nikiwa na andazi mkononi. Bibi aliporudi, Tumaini alimkimbilia njiani. Alimkimbilia! Bibi alimpapasa mashavu, hakutaja kumchukua tena.

Tangu hapo Mama Tumaini hanyamazi. Alisimama mbele ya paredi shuleni akatueleza. Mashineni huwahi asubuhi kabla lishe ya watu yenye ngano haijasagwa, na humfagilisha fundi mashine yote. "Mama wewe, unataka tuipake na mafuta?" wenzake humtania. Anacheka, halafu anawaeleza tena. Mwaka jana mama mmoja wa Matema alimletea mtoto mwenye dalili zile zile. Alimsindikiza hospitali, na njiani akamsisitizia asimwachishe ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo kinaweza kukosa kuonyesha kitu.

Nilikuwa nao siku hiyo. Sasa niko kidato cha tatu, na mwezi uliopita, tukitoka shambani, nilimuuliza Mama Tumaini mbona siku ile ya swali la maandazi hakunijibu.

Alihamishia jembe bega la pili.

"Niliona aibu. Niliogopa watasema nimezaa mtoto mwenye kasoro. Ningekujibu, mwanangu, usingempa andazi."