Ma-album ya Bwana Yangu Mwenye Hajarudi

Rafiki yangu, kaa hapa karibu na mimi, juu mambo hii sijaielezea mutu yote. Pasteur anajua kipande, bamama ya chama ya maombi banajua kipande ingine. Wewe nitakuambia yote. Ninajua hautanicheka, na hata ukicheka, utacheka na roho muzuri.

Mimi ni mama ya batoto, ninasali tangu utoto yangu. Muziki yenye nilijua ilikuwa ya kanisa: kwaya, ngoma, siku ingine gitare. Muziki ya dunia niliisikia tu njiani, sawa vile unasikia harufu ya nyama kwa jirani, unapita.

Bwana yangu njo alikuwa mutu wa muziki. Kule Masisi centre alikuwa na kibanda kadogo. Unamuletea telefone yenye batri imeisha, anaitia moto. Unamuletea kadi ya telefone, anakutilia nyimbo. Vijana banakuja: «Papa, nitilie ile wimbo ya sasa, moja tu.» Yeye anakatala. Anasema hatii wimbo moja, anatia album yote, toka mwanzo mupaka mwisho.

«Mwenye aliimba alipanga nyimbo yake vile bibi yangu anapanga kula,» anabaambia. «Bugali, sombe, kisha samaki. Wewe unataka uibe samaki na ukimbie?»

Banacheka, banaenda kwa kibanda ingine. Njo maana hatukupata kununua hata ng'ombe moja.

Wakati vita ilipanda kwetu tulikimbia, tukafika Kashuga, tukakaa ndani ya kambi chini ya shitingi, zile hema za plastiki. Pale kila kijana anatia telefone moto, kazi haikuwe. Bwana yangu akapanda pikipiki ya mutu, akaenda Pinga na sanduku yake ya manyuzi. Batu balimuona Pinga. Kisha banasema aliendelea mbele, upande ya makariere, kwenye banachimba madini. Kisha njia ikafungwa. Tangu pale tumevuna maharagi, tukapanda, tukavuna tena, na hakuna mutu mwenye anaweza kusema «nilimuona» ao «nilimuzika».

Ndani ya nyumba tulikuwa mimi, batoto, na mama mukwe. Mama mukwe alizaliwa Walikale, kule ndani ya pori, na anashika bado mambo ya kwao. Kwao, mutu akikufa mbali na mwili yake ikakosa kuonekana, banakata kipande ya mugomba wa ndizi, banaivalisha nguo yake, banaizika. Pale sasa batu bote banalia, bibi ananyoa kichwa, na inaisha. Lakini mbele ya ile siku, mama haruhusiwe kutoa hata chozi. Kulia mutoto mwenye haujue kama amekufa ni sawa na kumuitia kifo. Kwa hiyo yeye alikuwa anaamka macho ikavu, analala macho ikavu. Alikuwa anakauka mbele yangu sawa muhindi yenye imesahauliwa shambani.

Siku moja shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, alifika. Akakaa juu ya bidon ya maji, akazungusha kofia mukononi.

«Shemeji, tumeongea kwa jamaa. Maharagi ikiisha kuvunwa, tuweke kilio.»

«Kilio ya nani?» nikamuuliza.

«Usinifanye hivyo. Unajua ni ya nani.»

«Na siku atarudi nitamuita nani? Mugomba?»

Hakukasirika. Ni mutu mupole. Akanionyesha mama yake kwa macho, akasema pole pole: «Haiko juu yangu. Angalia mama. Anataka kulia mutoto yake mbele yeye mwenyewe hajaenda. Utamukatalia hii?»

Sikukubali. Nilimuambia Mungu hajaniambia kama mimi ni mujane, na mutu hatanivalisha ujane sawa kanzu ya kuazima. Shemeji akaenda. Tangu siku ile, mama mukwe hakunisemesha tena. Nikimupa chai, anachukua. Nikimusalimia, anaangalia muhogo yake.

Njo kwa ile ukimya nilianza kusikiliza.

Bwana yangu alituachia karadio ka kadi, na plake kadogo ya jua ya kuitia moto. Button ya kuruka wimbo ilikuwa imekufa. Na ukizima ile radio, ukiiwasha, inaanza tena ku mwanzo kabisa. Basi hauna namna ya kuchagua. Unasikiliza yote, album nyuma ya album, mupaka batri inaisha. Majina ya bale banaimba sijue. Radio haina kioo ya kuandika, na yeye mwenye alijua haiko.

Ya kwanza ilikuwa ya kanisa, lakini haiko kanisa yetu. Kinanda kubwa sana, na sauti ya batu mingi yenye inapanda polepole, ndani ya luga yenye sikuijua. Mungu wetu huku tunamuimbia na jasho. Ile ilikuwa sawa kuingia ndani ya nyumba kubwa ya mawe yenye baridi, hakuna mutu, na unajua tu kama unaangaliwa. Sikuipenda mara ya kwanza. Mara ya ine nilipiga magoti. Kisha nikajiuliza: mutu mwenye anapenda rumba vile, juu ya nini aliweka hii ku mwanzo? Yeye njo alijua radio iko inaanza kila siku wapi. Aliiweka pale juu yangu, mimi mwenye kusali. Nilikuwa ninapepeta muchele, nikaacha kwanza.

Kisha rumba. Rumba ya zamani, ya wakati ya wazazi, magitare tatu zenye zinaongea sawa mabibi ku kisima, moja inaanza, ingine inaikatiza. Sikuelewa Lingala yote. Nilielewa kama mwanaume iko analalamika juu ya mwanamuke, na anaendelea kulalamika kwa wimbo yenye inafuata, na ingine. Nilifikiri: huyu mutu hana shamba? Lakini kila wimbo, ukifika katikati, maneno inaisha na gitare inabaki peke yake inakimbia, na mwili inataka kusimama. Niliona muguu ya mama mukwe ikitingika chini ya kikwembe. Aliponiona ninaangalia, akaikunja.

Ya tatu ilikuwa muzungu moja na gitare yake, anaimba na pua. Kila wimbo inaanza vizuri na inaishia kwa huzuni. Tulikuwa tunachambua maharagi. Mama mukwe akafungula kinywa, mara ya kwanza tangu majuma mingi, lakini haiko kwangu. Aliambia binti yangu.

«Huyu amepoteza ng'ombe.»

«Koko, pengine ni bibi yake amemuacha,» binti yangu akasema.

«Bibi hawamulilie hivi. Ni ng'ombe. Na ilikuwa na mimba.»

Jirani yetu, mzee moja mwenye alikuwa na ng'ombe mingi kule kwa vilima mbele ya vita kuzikamata zote, akajibu nyuma ya shitingi: «Mama anasema kweli. Mimi ninamuelewa huyu mutu, hata kama sisikie luga yake. Mumuache aimbe.» Tulicheka. Yeye hakucheka.

Siku zenye zilifuata tulifika mbali zaidi. Kulikuwa album ya magitare yenye inapiga kelele sawa mabati yenye upepo inangoa. Binti yangu aliipenda, alikuwa anatingisha kichwa. Mimi nilifunika radio na kikwembe, nikaongeza nguo ingine juu. Mama moja akakuja kutuomba tuzime, batoto yake badogo balikuwa bameingia chini ya kitanda. Balifikiri ni vile vitu vya kule tulikotoka. Tulizima, na kesho tukaanza tena na kinanda ya mawe.

Kulikuwa na ya kijana mwenye haimbi, anasema tu, haraka haraka, sawa mutu anagombana na mwenye nyumba. Kulikuwa na mama moja mwenye anapandisha sauti mupaka mbuzi ya jirani ikajibu. Mama mukwe akauliza: «Huyu banamufanyia nini?» Binti akasema haiko kitu, ni wimbo tu, bazungu banavaa vizuri banakaa banamuangalia. «Na hakuna mwenye anasimama kumusaidia?» mama mukwe akasema. Mimi pia niliona vile. Ilinisumbua siku yote, yule mama mwenye analia vile na batu bamekaa.

Na ile ya reggae. Nilitaka kuikatala, juu nilisikia mambo yao ya kuvuta moshi. Lakini nikasikia neno Zayuni, nikasikia mutu anaongea mambo ya utumwa na mito ya Babeli, na mimi ile Zaburi ninaijua kwa kichwa. Kumbe na bengine banakaa pembeni ya muto banalia juu ya kwao. Niliimba na yeye, Kiswahili yangu juu ya Kiingereza yake. Binti yangu akasema: «Mama, utafukuzwa kwa kanisa.» Nikamuambia Zaburi haina mwenyewe.

Maharagi ikaisha kuvunwa. Shemeji akatuma neno kama atafika siku ya ine ya juma, na bazee babili, na mugomba.

Siku moja mbele ya ile siku, jua ilikuwa kali sana. Batri ikajaa sawa haijapata kujaa. Tukavuka kinanda, tukavuka rumba, tukavuka mwenye ng'ombe, tukavuka kelele, yote, na saa kumi ikatukuta kwa album yenye hatukufika hata siku moja.

Haikuwa na maneno. Ilikuwa tarumbeta moja, na nyuma yake mutu anagusa kinanda polepole, na mwengine anasugua ngoma sawa mutu anafagia. Tarumbeta haikupanda. Ilikuwa inasema kitu kidogo, inanyamaza, inarudilia kile kitu kidogo namna ingine, sawa mutu mwenye anataka kukuambia habari na anaogopa. Mimi nilifikiri: mwisho sasa atasema. Hakusema. Nilichoka kumungojea. Nikataka kuzima radio, nikanyoosha mukono.

«Uache,» mama mukwe akasema. Kwangu. Neno moja.

Nikaangalia. Machozi ilikuwa inashuka. Hakufunika uso, hakupiga kelele vile kwao banapiga. Alikaa tu na maharagi ndani ya kikwembe, na machozi inaanguka juu ya maharagi. Binti yangu akaogopa, juu alijua ile katazo.

«Koko, unalia…»

«Ninalia hii muziki,» akasema. «Kulia muziki haikatazwe. Hakuna mutu yetu amekufa. Ni huyu wa tarumbeta njo ananililisha, mumuulize yeye.»

Na akalia hiyo album yote. Wimbo ikiisha, anapangusa pua na anangojea. Ingine ikianza, anaanza. Mimi sikulia. Nilikamata muguu yake, ile muguu ya rumba, ilikuwa baridi, nikaisugua mupaka batri ikazima.

Shemeji alifika vile alisema. Mugomba ilikuwa imekatwa, imefungwa juu ya pikipiki na kamba, majani bado ya kijani. Bazee babili bakakaa. Shemeji akaona macho ya mama yake yenye imevimba, akasimama.

«Nani amekufa?»

«Hakuna mutu,» mama mukwe akasema. «Nilisikiliza muziki.»

«Muziki gani?»

«Ya kaka yako. Tarumbeta.»

«Mama, tumetoka mbali na mugomba juu ya pikipiki, na wewe umeshalilia tarumbeta?»

«Nimelia. Imetosha kwanza. Rudisha mugomba yako, ama muikatekate, mbuzi ikule.»

Muzee moja akacheka, akajificha nyuma ya mukono. Shemeji hakucheka. Aliniangalia sawa mimi njo nimefanya dawa. Akaniuliza: «Sasa kaka yangu atakaa nani kwetu? Mufu ao muzima? Mashamba yake nani atalima, batoto banaoa kwa jina ya nani?»

Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, na mistari ya Biblia. Zote zilipotea. Nikamujibu: «Atakaa mwenye hajarudi. Shamba nitalima mimi.»

Bakakunywa chai, bakaenda. Mugomba balitupa kwa mufereji nyuma ya kambi, na mbuzi kweli ilikula.

Usifikiri mambo ilikuwa muzuri nyuma ya pale. Mama mukwe ananisemesha sasa, lakini nguvu zake zimeisha, asubui ninamuamsha mimi. Siku zenye jua iko, tunawasha radio, tunangojea tarumbeta, na mara mingi batri inakufa mbele hatujafika, na yeye anakaa na ile kilio yake ndani mupaka siku ingine. Mimi ninasali. Ninaomba Mungu anipe kujua, kisha ninaogopa, ninaomba asinipe. Sijue sala hii inaitwa namna gani.

Njo maana ninakuomba kitu moja. Usibaki na hii habari peke yako. Umuelezee mwengine, na yeye amuelezee mwengine, zaidi bale banapanda pikipiki ya Pinga na bale banaenda mbele ya Pinga, kwa makariere, kwenye network haifike. Basiulize jina. Baielezee tu kwa sauti, kwenye batu banakula jioni. Kama yeye iko pale kati yao, atajijua. Na atajua kama kwetu hatukuzika kitu, na kama mama yake anamungojea na siku yake imebaki kidogo.