Mtu Mwema Niliyemsimamisha

Mama alipovunjika nyonga kwenye mteremko wa shamba letu la migomba, hapa Nyakisasa, jirani yetu ndiye aliyembeba. Mvua ilikuwa imekata barabara, pikipiki hazipiti. Aliita wanaume watatu, wakamlaza mama kwenye machela ya mianzi, na hadi wanafika zahanati yeye hakukubali kupokewa machela. Nilipomshukuru aliona aibu. "Hata wewe ungefanya hivyo, dada."

Kwa hiyo kitongoji chetu kilipotafuta mwenyekiti, nilisimama mkutanoni kumpigia debe jirani yule, bila kutumwa na mtu. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mkavu, hana salamu ndefu. Aliwahi kunifukuza chemchemini mbele ya wenzangu kwa sababu nilisuuza ndoo yenye sabuni karibu na maji. Hilo lilikuwa bado linanichoma, ingawa siku ile ya mkutano nisingekiri. Nikasema, "Mnataka ushahidi gani mwingine? Huyu alimbeba mama yangu!" Watu wakapiga makofi. Akashinda.

Kumbe hakujua kumkatalia mtu. Kiangazi kilipokaza, mwenye ng'ombe mmoja alimwomba anyweshe mifugo kwenye chemchemi yetu kwa wiki moja tu. Akakubali. Wa pili alipokuja, aliona haya kumnyima alichompa wa kwanza. Baada ya hapo hatukuhesabu tena. Kwato zilibomoa ukingo wa mawe tuliojenga kwa mikono yetu, maji yakageuka tope na mkojo wa ng'ombe.

Tulimwendea mwenyekiti, akina mama wanne. Alitutolea viti, akatusikiliza hadi mwisho, machozi yakamlengalenga.

"Mna haki, mama zangu. Nitaongea nao."

Naamini aliongea nao. Nao wakamweleza shida za mifugo yao, machozi yakamlengalenga vilevile.

Tuliendelea kuchota palepale, tungechota wapi? Kuhara kukaanza nyumba za bondeni, kisha kukapanda kwetu. Binti wa dada yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kaniha kunisaidia kumhudumia mama, aliugua akapona. Mama hakupona. Alikauka kwa siku tatu, mikononi mwangu.

Mwenyekiti alikuja msibani wa kwanza, akapasua kuni, akalia kuliko ndugu zetu wengine. Nilimtazama nikitafuta mahali pa kuanzia kumchukia, nikapakosa. Nikajichukia mimi. Mama alipokuwa hai nilimtumia kama shahidi wa mtu yule, wala sikumuuliza maoni yake.

Uchaguzi uliofuata, majirani walinigeukia. "Na wewe mama, husemi kitu?"

"Nilishasema mara moja," nikajibu.

Nilimpigia kura mwalimu. Akashinda. Ndani ya mwezi mmoja chemchemi ilizungushiwa uzio, ng'ombe wakahamishiwa mtoni, na maji ninayokunywa leo ni safi. Mwalimu huyohuyo alimkata mjane mmoja wa kitongoji chetu kwenye orodha ya mbegu za msaada kwa sababu alichelewa kujiandikisha. Nilimfuata kumwombea.

"Shikamoo, mwalimu. Yule mama alikuwa anauguza mtoto."

"Marahaba. Siku ya mwisho ilitangazwa."

Mlango ukafungwa. Mjane yule alipanda mahindi yaliyotobolewa na wadudu, na hayakuota hata nusu. Nilimgawia maharage yangu kidogo, nikarudi nyumbani nikiwa sijui ningemwambia nini mtu atakayeniuliza tena nani anafaa.

Jumapili moja, tukitoka misa, yule jirani yetu alinisubiri njiani. Alikuwa amekonda.

"Dada, watu wanasema mengi. Wewe ulinipigia kura safari hii, si ndiyo?"

"Nilikupigia," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaniamini kama alivyomwamini kila mtu.