Sentensi Moja Iliyonyamazisha Simu za Madereva Mogogosiek

Saa nne asubuhi, Mogogosiek, katika eneo la Konoin. Caren Chepchirchir anasoma sentensi moja kwa sauti, anaifuta, anaiandika upya. Mezani pake kuna kompyuta mbili. Katika moja anaandika. Katika ya pili, programu ya akili mnemba (AI) inatekeleza alichoandika, naye habandui macho.

"Nangoja nione itaelewa nini," anasema. "Si nilichomaanisha. Nilichoandika."

Caren, 31, huandika maelekezo ya zana ambazo watengenezaji programu hutumia kuandaa kompyuta zao kabla ya kazi. Zamani wasomaji wake walikuwa watu. Siku hizi wengi ni mashine: programu za AI zinazosoma maelekezo na kuyatekeleza zenyewe, bila kumngoja mtu.

Kazi hii huifanyia nyumbani kwao, kwa kampuni ndogo ya mjini Kericho. Kampuni hiyo ina mfumo wa kuwasaidia wajawazito wa Konoin. Mama akipiga namba fupi, mfumo unamtafuta dereva aliye karibu na kumpigia simu papo hapo.

Alasiri moja ya Machi, mvua ikianza, Caren alisikia mayowe kutoka kituo cha kununulia majani chai. Akakimbia. Chini ya mabati, Bilhah Nyabuto, mchuma chai wa miaka 24, alikuwa amelala juu ya magunia, uchungu umemkaza. Wanawake walikuwa wamemzingira kwa leso. Caren akashika ncha ya mojawapo.

"Nilipiga ile namba, nikapiga tena," Bilhah anakumbuka. "Ikaniambia hakuna dereva. Nikadhani ni netiwaki. Nikaanza kutembea. Kufika hapo, miguu ikakataa."

Mtoto alizaliwa kimya.

"Hakulia," Caren anasema, na sauti yake inashuka. "Mama mmoja mzee akamsugua mgongo, akampulizia usoni. Ilikuwa mvua tu kwenye mabati."

Kisha akalia. Wanawake nao wakalia.

Kipkurui, mmoja wa madereva wa mfumo huo, anayeishi ng'ambo ya barabara, alifika mbio, mikono kichwani. "Mimi niko hapa tu!" alipaza sauti. "Gari iko hapa! Simu yangu haijalia!" Yeye na Caren wakawapakia mama na mtoto, akawakimbiza hospitalini.

Caren alirudi nyumbani akafungua kompyuta. Alikuta ujumbe wa mkubwa wake: "Namba zote za madereva zimefutika tangu asubuhi. AI ilifuata maelekezo yako. Angalia hatua ya kwanza."

Hatua ya kwanza ilisema: "Safisha mazingira kabla ya kuanza."

Kwa watengenezaji programu, mazingira ni sehemu ya kompyuta ambamo programu hujengwa au huendeshwa. Kampuni ilikuwa na mawili: ya majaribio, na yale halisi yenye namba za madereva. Binadamu aliyezoea kazi angejua ni yapi ya kusafisha. AI iliyakuta yote mawili yako wazi, ikayasafisha yote.

"Nilikaa chini sakafuni," Caren anasema. "Nikajiambia hapana, si hiyo. Nikasoma tena. Mikono yangu ilikuwa bado na damu ya yule mama."

Namba zilirudishwa jioni hiyo kutoka nakala ya akiba. Kampuni ilimwambia asijilaumu peke yake, kwa kuwa kuna wengine walioacha mfumo halisi wazi kwa AI. Maneno hayo hayakumpa usingizi. Mwisho wa juma akaenda hospitalini kumweleza Bilhah mwenyewe.

"Neno moja?" Bilhah alimuuliza. "Na hiyo mashine haikuuliza?"

"Haikuuliza. Sikuandika kwamba iulize."

Bilhah alimfukuza. "Nilimwambia, dada, toka," anasema. "Mtu unasema ni bahati mbaya, ni mvua. Kumbe ni mtu ambaye kwao ndiko nanunua maziwa."

Aliacha kununua maziwa huko. Baada ya wiki kadhaa akarudi, mtoto mgongoni, akataka kuonyeshwa kilichobadilika. Caren akamgeuzia kompyuta: "Safisha mazingira ya majaribio pekee. Yale halisi usiyaguse. Usipokuwa na uhakika uko wapi, simama, umuulize mtu."

Bilhah aliisoma polepole. "Hii hata mimi naelewa. Kwa nini hukuandika hivi mwanzo?"

Caren akamweleza utaratibu wake mpya: hakuna maelekezo yanayotoka kwake kabla AI haijayatekeleza mbele ya macho yake, katika nakala ya mfumo isiyo na namba wala taarifa za mtu yeyote. Kampuni nayo imeziondoa funguo za kuingilia mfumo halisi kutoka mahali ambapo AI inaweza kuzifikia.

Sasa anapanga kuwakusanya mjini Kericho waandishi na watengenezaji programu wanaofanya kazi kama yake. Wengi, anasema, bado wanaandika wakidhani msomaji atajaza kilichobaki. Anataka wamsikie Bilhah kabla ya kumsikiliza yeye.

Caren alipomwomba, Bilhah alichukua siku kadhaa kufikiria.

"Nitakuja," anasema, akimfunga vizuri mgongoni mwanawe Nyamoita, ambaye sasa ameota meno mawili. "Lakini sitaki nisimame huko mbele nisome karatasi. Nitambeba huyu, nipite naye katikati yao. Kila mtu amshike."