Gia Kubwa

Unguja mlima hakuna. Kipo kilima cha Masingini, na sie madereva wa Kiembe Samaki tukishakipita tunajisifu tumepanda, lakini ukiweka chungwa juu yake halibingiriki mpaka ulisukume. Miaka yote nnaendesha baina ya uwanja wa ndege, Mji Mkongwe na Makunduchi, na gia namba mbili naijua kwa kuisalimia tu, nnapita kwenda tano.

Basi shangazi yangu wa Makunduchi aliponiuliza kama naweza kuendesha milimani, nikamwambia, "Shangazi, mie gari naipandisha hata mnazi."

Bintiye mmoja, hana mwengine, kaolewa bara, huko juu Mbeya, nyuma ya ile hifadhi ya maua. Alikuwa kajifungua mtoto wa kwanza. Siku ya saba mtoto hunyolewa, na kwa shangazi yangu kunyoa huko kuna sharti moja: mtoto apakatwe na bibi mzaa mama. Sasa bibi mzaa baba alikuwa yuko palepale nyumbani, hana safari wala boti.

"Tukichelewa atanyolewa kwenye mapaja ya yule," alisema shangazi. Alilisema kwenye boti, akalisema kwenye basi tangu Dar mpaka Mbeya. Abiria wote walishalijua, mpaka kondakta akawa anauliza, "Mama, yule bado hajaanza?"

Mkwewe alikuwa na gari yake gereji Mbeya mjini, akatuomba tupande nayo. Siku ya saba yenyewe, saa mbili asubuhi, tukaondoka. Kunyoa kumewekwa baada ya sala ya Adhuhuri.

Kupanda sikuona tabu. Gari ikikataa tano naipa nne, ikikataa nne naipa tatu, hivyo hivyo mpaka nikafika kwenye moja. Kona za huko zimejikunja vibaya. Kona moja nilikata, nikaona mbele yangu taa nyekundu za gari, nikapiga honi, kumbe ni taa zetu wenyewe za nyuma.

Huko juu, ndani ya hifadhi, njia inanyooka kidogo. Majani mpaka upeo wa macho, maua ya njano, ya zambarau, meupe, na upepo wa baridi. Nilitema mate dirishani, yakaanguka yakalia kama kokoto. Shangazi alikuwa kajifunga baibui juu ya sweta juu ya sweta, yamebaki macho tu.

"Simba wako wapi?"

"Hakuna simba, shangazi. Hapa wanahifadhi maua."

"Yasende wapi?"

"Yasichumwe."

Akayatazama muda. "Shamba lote hili," akasema, "na mtu hajatia hata shina moja la muhogo."

Baada ya hapo njia ikaanza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza pana kibao. Mie kusoma kwangu ni kwa kuokota herufi moja moja, kwa hivyo nikasimamisha gari nisome kwa heshima: MTEREMKO MKALI, TUMIA GIA KUBWA.

Gia kubwa. Mtoto wa madrasa anajua kuwa tano ni kubwa kuliko moja. Nikaanza kuteremka, nikaitia tano.

Gari ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Ikawa kazi yangu ni breki tu, kona breki, kona breki. Upande wa kushoto tulikuwa tunaona vichwa vya ndege, kwa juu.

"Kuna kitu kinaungua," alisema shangazi.

"Maua ya huku ndivyo yanavyonuka."

"Maua yanatoa moshi?"

Nikakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini, laini kama imezama kwenye uji. Nikaikwangulisha gari ukutani pa mlima, udongo ukaingia mpaka mapajani, ikasimama. Shangazi akanambia maneno kwa Kimakunduchi. Niliyafahamu yote.

Lori la viazi lilikuwa linapanda. Dereva akashuka, akatazama matairi yanavyofuka, akachungulia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuko hai?"

"Mko hai. Kaka, ulikuwa gia gani?"

"Kubwa, kama kibao kinavyosema. Tano."

Alicheka akashika mlango. "Gia kubwa ni moja! Moja, mbili!"

"Moja kubwa kwa nani?"

"Kwa nguvu, kaka. Si kwa hesabu. Wewe Mzanzibari?"

"Naam."

"Ndiyo maana. Kwenu mlima ni tuta la barabarani."

Akatuambia tusiiguse gari nusu saa, breki zipoe, wala tusizimwagie maji. Tulikaa pembeni. Shangazi alikuwa haangalii breki, anaangalia kivuli chake kinavyofupika. Simu ikalia, bintiye.

"Mama, mko wapi? Kinyozi kashafika. Mama mkwe kashakaa."

"Kinyozi mwambie anoe wembe taratibu," alisema shangazi, akakata. Kisha akanigeukia. "Na weye, hiyo moja yako unaijua ilipo?"

Ilipopoa tukateremka kwa moja. Gari inalia, haiendi. Mbuzi alitupita, akasimama kutungoja, akachoka, akaenda zake. Kila kona shangazi ananiambia niongeze, na kila akiniambia naongeza maneno, si mwendo.

Tulifika watu wamekwishasali. Ukumbini bibi mzaa baba kakaa mkekani, mtoto kampakata, na kichwa cha mtoto upande wa kulia kishanyolewa, cheupe, upande wa kushoto nywele zote zipo. Kinyozi wembe kausimamisha hewani. Binti wa shangazi alianza kulia, sijui kwa furaha au kwa aibu.

Shangazi hakusalimia. Akanawa mikono, akakaa mkekani bega kwa bega na mwenzake, akanyoosha mapaja.

"Upande wenu nshauona," akasema. "Sasa lete wangu."

Bibi mzaa baba akamtazama, akatazama matope ya mlimani mapajani mwake, kisha akampa mtoto. Na mtoto hata hakungoja, akamkojolea bibi yake palepale, kojo refu la safari. Shangazi hakusogea mpaka upande wa kushoto ukamalizika.