Moto Waliosingiziwa Ng'ombe

Mwaka nilioachika nilirudi kwa baba na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni na godoro moja. Baba hakuwa tena Newala. Nyumba yetu ya Mkunya aliwaachia wadogo zake, akashuka bondeni, nyuma ya Nanganga, ambako alipata shamba la mikorosho na mahali pa kulima mahindi. Alidai kule juu shida ya maji inamzeesha. Mimi nilijua amegombana na nduguze, lakini aliyeachika hana uso wa kumuuliza mwenzake kwa nini kahama.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mfugaji, amekuja kutoka kanda ya ziwa na mkewe na ng'ombe kama arobaini. Sisi watu wa uwanda wa juu ng'ombe hatuwajui. Tunajua kuku na mbuzi; ng'ombe tunakutana naye buchani, ameshakatwa. Mwanzoni baba alimdharau yule bwana, akisema mtu mzima anashindaje akitembea nyuma ya mikia. Kisha yule mke akaanza kumletea mwanangu maziwa kila asubuhi kwenye kidumu, nasi tukawa tunawapa muhogo. Mwanangu alikuja pale mashavu yamebonyea. Kufika mwezi wa sita alikuwa mzito hata kumbeba kazi. Mahindi ya baba nayo yalistawi kwa samadi ya zizi lile. Hadithi ya mikia ikaisha, akabaki kujisifu kwa wapita njia kwamba yeye ni mkulima hodari.

Kwetu, kabla korosho hazijaanza kudondoka, chini ya kila mkorosho hufagiliwa pakawa peupe. Majani hukusanywa marundo na kuchomwa, ili korosho ikianguka ionekane. Sharti lake linajulikana. Unachoma asubuhi na mapema umande ukiwepo, au unangoja jioni upepo ulale, nawe husogei pale mpaka rundo lizimike kabisa. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha sharti hilo nikiwa mtoto. Siku ile alichoma saa saba mchana. Kesho yake alikuwa na safari ya Masasi kufuata dawa ya mikorosho, akataka amalize.

"Baba, upepo," nilimwambia.

"Umerudi kunifundisha nkorosho?"

Nikanyamaza. Mwanamke aliyerudi kwao hunyamaza sana.

Rundo la tatu upepo ulilifumua. Majani yenye moto yakaruka njia, yakaangukia nyasi zilizokauka tangu mvua zikatike. Tulipiga kwa matawi mabichi mpaka nywele zangu za mbele zikaungua, lakini moto ulikuwa umeshatuacha, unaelekea malishoni. Baba alisimama akiutazama, jasho linamtoka. Kisha akanigeukia.

"Ntu akikuuliza, sema moto umetokea kule." Akaelekeza kidevu upande wa zizi.

Uliwaka siku mbili. Ulimaliza nyasi zote mpaka mtoni, ukapita kwenye mihogo ya watu, ukala mikorosho iliyokuwa imeshapuliziwa dawa, na maghala mawili yaliyojaa mahindi yakabaki majivu. Ng'ombe walikuwa malishoni. Saba walikufia kwenye kona ya mto. Waliotoka hai, wengine kwato zilikuwa zinabanduka, na majike kadhaa walikuwa wameungua viwele. Ng'ombe wa namna hiyo hakamuliki. Ukimgusa tu anapiga mateke. Kidumu hakikuja tena, na mwanangu alikuwa akienda mlangoni kila asubuhi kukingoja.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Watu walikuwa na jibu lao tayari: wafugaji huchoma nyika ili majani mabichi yachipue. Ukaitwa mkutano. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kesi. Yule bwana alisimama akauliza, kwa upole, angechomaje nyasi ng'ombe wake wakiwa ndani yake. Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, nalo lilizomewa. Mzee mmoja aliyepoteza ghala alilia mbele za watu. Baba alikaa mbele, kidevu juu ya fimbo, hasemi.

Mimi nilikuwa nyuma, upande wa wanawake, mtoto mapajani. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilijua nikiyatoa, baba atafukuzwa badala ya yule bwana, na mimi sina pa kulala. Niliogopa, basi. Sitaki kulipamba. Nimewahi kusikia watu wakisema walinyamaza kwa heshima ya wazazi. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya paa.

Wakampa siku saba awe ameondoka.

Siku ya sita alikuja kwetu akivuta ng'ombe jike kwa kamba. Mnyama alikuwa anakanyaga kama anayetembea juu ya misumari. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kule mkutanoni kila mtu alinitukana. Wewe peke yako hukufungua mdomo. Mimi na mke wangu tumeliona hilo." Akamnyooshea kamba. "Huyu hawezi safari. Mchinje, mle na binti yako na mjukuu."

Nilimtazama baba. Nilidhani mkono utamwishia njiani. Aliipokea ile kamba kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kupokea kitu cha mtu, akasema, "Mungu akulipe." Yule bwana akaniaga na mimi, akamshika mwanangu kichwani, akaenda zake.

Tulichinja siku ileile. Majirani walikuwa wanazunguka kwenye nyika iliyoungua wakichimba ming'oko, mizizi ya porini, kwa kuwa mihogo yao ilikuwa imekwisha. Baba akawapelekea kila nyumba fungu la nyama. Walimwombea dua. Yule mzee aliyepoteza ghala alikuja mwenyewe kumshukuru, akasema wangekuwepo watu kumi kama baba, kijiji hiki kisingelala njaa. Baba akajibu kwamba yeye amefanya la kawaida tu.

Jioni nilipakua. Baba alikula vizuri. Mwanangu alinyonya mfupa mpaka akasinzia nao. Nami nilikula; nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa laini. Baba akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikamwambia imetosha.